Sura ya Sita: Gari Limelala Wapi?

Kaskazini mwa Madina, kando ya tuta la Reli ya Hijazi, bado vipo vichwa vya treni vilivyoachwa jangwani tangu Vita Kuu ya Kwanza. Reli hiyo ilifika Madina mwaka 1908 ikitokea Damascus, na haikutimiza miaka 10 ya amani kabla vita havijaikatakata. Kila kilichoweza kufunguliwa kwenye vichwa hivyo kilishachukuliwa zamani, na rangi ilikwisha. Lakini chuma chenyewe kipo. Boila zimesimama, na kutu iliyozifunika ni ngozi nyembamba ya kahawia. Miaka zaidi ya 100 ya jua, upepo na mchanga haikutosha kuzila.

Shuka sasa hadi Jeddah, ukatazame gari lililoegeshwa miaka michache tu mitaa ya karibu na Kornishi, barabara ya ufukweni. Chini ya milango pametoboka, na kingo za bonet zimevimba. Ukifunua zulia la upande wa dereva unaiona lami ya barabara. Chuma ni kilekile na jua ni lilelile, ila hewa ndiyo tofauti, na kwa mtu anayetaka kufufua gari kuukuu tofauti hiyo ina uzito kuliko injini, rangi na bei vikiwekwa pamoja.

Nimeiandika sura hii nikiwafikiria hasa ndugu zetu walioko Saudia, madereva, mafundi na walinzi, ambao siku ya Ijumaa huzunguka kwenye haraji, yaani masoko ya magari ya mitumba, wakitazama magari ya zamani. Nawaelewa kabisa. Anayelijua gari hawezi kuipita hivihivi Land Cruiser ya FJ40, Datsun pikapu, Chevrolet Caprice ndefu kama jahazi, au GMC Suburban ya enzi mafuta yalipopanda bei. Bei zinazotajwa kwa mikweche hiyo wakati mwingine zinafikika. Na swali la kwanza la mnunuzi karibu kila mara ni lilelile: "Injini inawaka?" Mimi nataka swali la kwanza liwe jingine: gari hili limelala wapi?

Jeddah ndiyo mlango magari yalikoingilia Hijazi. Miaka ya 1920 na 1930 Mwingereza St John Philby, aliyekuwa akiishi mjini humo, alikuwa wakala wa magari ya Ford, wakati mahujaji walipoanza kuacha ngamia na kwenda Makka kwa injini. Mwaka 1955 Abdul Latif Jameel alianza kuuza Toyota hapohapo Jeddah, na Land Cruiser zikasambaa nchi nzima. Kwa hiyo magari mawili ya mwaka mmoja, yaliyoshushwa bandari moja, yanaweza kuwa leo na hali mbili zisizofanana hata kidogo, kwa sababu moja lilipandishwa Najd, yaani bara kuliko na Riyadh, na jingine likabaki pwani.

Watu wengi hudhani kutu inaletwa na mvua. Kama ni hivyo, Jeddah ingekuwa pepo ya magari, maana mvua yake kwa mwaka ni kidogo mno. Kinacholeta kutu ni unyevu, hewa na chumvi vikikutana juu ya chuma. Bahari ya Shamu ni miongoni mwa bahari zenye chumvi nyingi zaidi duniani: kila kilo ya maji yake ina takriban gramu 40 za chumvi, wakati wastani wa bahari kuu ni gramu 35. Upepo wa baharini hubeba chembe za chumvi hiyo na kuzipandisha mjini, na zikishatua kwenye gari hazikai kimya. Ndani ya chumvi ya bahari mna magnesiamu kloridi, ambayo hufyonza maji kutoka hewani hata unyevu wa hewa ukiwa asilimia 35 hivi. Jeddah hewa huwa na unyevu zaidi ya huo karibu kila usiku wa mwaka. Gari hulowa bila tone la mvua kudondoka, na hulowa maji ya chumvi.

Kukosekana kwa mvua kunazidisha ubaya. Kampala au Bukoba mvua huiosha bodi mara kwa mara na kuondoa uchafu. Jeddah hakuna wa kuosha. Mwenye gari akipiga maji juu, anaosha paa na bonet, sehemu ambazo hata hivyo zinapigwa na jua zikakauka. Chini ya sakafu, ndani ya chesisi, nyuma ya taa na ndani ya milango, chumvi inajilimbikiza mwaka baada ya mwaka pasipo jua wala maji safi. Ndiyo maana gari la Jeddah linaweza kung'aa juu huku chini limekwisha. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja wanalijua jambo hili, ingawa kwao masika husaidia kidogo.

Riyadh iko bara, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, mwendo wa kilomita 950 kutoka Jeddah kwa barabara. Kiangazi hewa yake hukauka hadi unyevu kushuka karibu na asilimia 10. Chuma kitupu huanza kushika kutu kwa kasi unyevu unapovuka asilimia 60 hivi, na Riyadh hukaa miezi mingi mbali kabisa na kiwango hicho. Gari lililolala pale miaka 40 linatisha kwa macho. Rangi imepauka hadi praima inaonekana, dashibodi imepasuka mipasuko mirefu, sponji za viti zimekuwa unga, matairi yamechanika pembeni, na mipira ya vioo ukiigusa inavunjika kama mkate mkavu. Mnunuzi mgeni huliona hilo akaondoka, akaenda kununua la Jeddah lililopakwa rangi mwezi uliopita.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kilichouawa na jua kinauzwa dukani. Mipira, nyaya za umeme, mipira ya breki, viti, dashibodi, hata vioo, vyote ni vitu vya kufungua na kufunga, na unajua bei yake kabla hujaanza. Kilichouawa na chumvi hakiuzwi dukani. Lazima kikatwe, kipimwe, kikunjwe na kuchomelewa kwa mkono, na hakuna fundi anayeweza kukutajia gharama yake kwa uhakika kabla hajakata.

Injini nayo iko upande wa jua, kwa maana ya gharama zinazojulikana. FJ40 zilitengenezwa tangu 1960 hadi 1984. Za mwanzo zilikuwa na injini ya F ya lita 3.9, na kuanzia 1975 ikaja 2F ya lita 4.2, injini nzito ya silinda 6 iliyo rahisi kufunguliwa. Ikiwa imekwama kwa kukaa, inafunguliwa. Ikiwa imekunywa vumbi, silinda zinachongwa upya. Mwaka 2021 Toyota yenyewe ilitangaza kuanza kutengeneza tena baadhi ya vipuri vya Land Cruiser za aina hiyo, vya injini na vya mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Hata vipande vya bodi vipo watengenezaji wa nje wanaovitoa, kwa sababu gari hili lina wapenzi dunia nzima. Kwa gari lisilopendwa hivyo, mlango uliooza maana yake ni kutafuta mlango mwingine kwenye tashlihi, yaani uwanja wa magari yanayovunjwa, na wa tashlihi ya Jeddah huenda umeoza palepale.

Niliwahi kusimama kwenye gereji moja ya Sinaiya, eneo la mafundi la Jeddah, na mzee wa Mombasa, fundi bodi aliyezeeka kwenye kazi hiyo. Kijana mmoja wa Tanga, dereva wa familia, alikuwa ameleta FJ40 ya rangi ya maziwa. Alikuwa bado hajalipa, alipewa siku moja ya kuitazama. Ilikuwa inapendeza, na injini iliwaka kwa ufunguo mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limelala wapi hili?"

"Mwenyewe anasema lilikuwa Taif miaka yote."

Taif iko milimani, mbali na bahari, na kama ingekuwa kweli lingekuwa gari zuri. Mzee hakujibu. Alitandika boksi chini, akaingia uvunguni na tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Alikwangua udongo uliogandamana ndani ya chesisi, akauangalia, akaugusisha ncha ya ulimi, akatema.

"Taif hakuna bahari, mwanangu. Chumvi hii imetoka wapi?"

Kisha akaanza kugonga. Sehemu ya mbele ya chesisi ililia vizuri, mlio mkavu wa chuma kizima. Akarudi nyuma taratibu, akigonga kila nafasi ya kiganja. Alipofika pale springi ya nyuma inaposhikiliwa, mlio ulizama, ukawa kama wa kugonga mbao iliyolowa, na mabamba ya kutu yakamwagika kifuani pake. Alisukuma bisibisi, ikaingia. Yule kijana alichuchumaa akatazama bila kusema kitu.

Chesisi ya gari la namna hii huoza kutoka ndani. Ni chuma kilichofungwa pande zote, chenye matundu madogo, na mchanga wenye chumvi ukishaingia hautoki. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hujisukuma, hupasua maungio na kutenganisha mabati yaliyochomelewa pamoja. Unapoona uvimbe kwenye maungio, usifikiri ndiyo kwanza kutu inaanza. Ndani kazi imekwisha. Na pale springi inaposhikiliwa ndipo uzito wa gari unapokaa.

Mzee alitoka uvunguni, akachukua sumaku iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi, akaitembeza ubavuni. Ilishika, ikashika, kisha nyuma ya gurudumu ikadondoka. Palikuwa na pati tupu, unene wa kidole. Akafungua mlango wa dereva, akaweka jeki katikati ya ubavu, akapandisha kidogo. Mlango haukufungika tena sawasawa, maana bodi ilijikunja. Gari zima halifanyi hivyo.

"Mwanangu," akasema, "injini ya gari hili inunue. Gari liache."

Ushahidi wa mahali gari lilikolala haupatikani kwenye chesisi peke yake. Tazama nikeli ya bampa na vitasa. Hewa ya bahari huitoa vipele vidogo vidogo, jua la bara huipausha tu. Tazama kabureta na vitu vingine vya aluminiamu, kama vimeota unga mweupe. Inama utazame springi za viti na vichwa vya skrubu chini ya dashibodi, mahali ambapo hakuna muuzaji anayekumbuka kupaka rangi. Namba za Riyadh kwenye bampa hazithibitishi kitu, gari linasafiri. Lakini dashibodi iliyopasuka pamoja na skrubu zinazong'aa ni dalili njema kuliko maneno yoyote.

Jeddah kuna jambo la pili la kuogopa. Tarehe 25 Novemba 2009, siku za Hija, mvua iliyonyesha kwa saa chache iligeuka mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 100. Magari kwa maelfu yalisombwa na kurundikana mitaani, hasa kusini na mashariki ya mji. Mafuriko yakarudi Januari 2011, kisha Novemba 2022. Magari mengi yaliyozama yalikaushwa, yakasafishwa na kurudi sokoni. Siwezi kuwalaumu wote waliouza, wapo waliopoteza kila kitu siku ile. Ila mnunuzi ni lazima ajikinge. Maji ya mafuriko huacha tope laini mahali ambapo vumbi la kawaida halifiki: ndani ya taa, nyuma ya saa za dashibodi, ndani ya nguzo za mkanda. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Kama kipande cha mwisho kina mstari wa tope, acha.

Tuseme gari limepita mtihani wa nyundo, au limeshindwa sehemu chache tu. Kutu ya sakafu inatengenezeka, ya kingo za milango na ya matapalo pia. Sharti ni moja: bati libovu likatwe mpaka kwenye chuma safi, na jipya lichomelewe kingo kwa kingo. Kiraka kinachobandikwa juu ya bati bovu huacha uwazi katikati, na unyevu hujificha humo humo. Pati juu ya tundu ni mbaya zaidi, kwa kuwa hufyonza maji, na katika hewa ya Jeddah rangi juu yake hutoa malengelenge upesi. Bati la bodi kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1, kwa hiyo ukilipiga mchanga kwa shinikizo kubwa ili kuondoa kutu, linajikunja na haliwezi kunyooka tena. Chesisi inastahimili mchanga. Bodi inataka mkono mwepesi.

Hapa hewa inaingia tena kwenye hesabu. Chuma kikishaachwa kitupu Jeddah, kinaweza kuwa cha kahawia kabla ya kesho yake, na praima ikipakwa juu ya kahawia hiyo umefungia kutu ndani. Riyadh kuna nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Ushauri wangu kwa mwenye gari la thamani lililoko Jeddah ni kulipakia na kulipeleka kwa fundi bodi wa Riyadh, angalau kwa kazi ya chuma. Nauli ya lori ni ndogo ukilinganisha na kurudia rangi.

Halafu kuna makaratasi, na hayo nayo yanasimama juu ya chuma. Namba ya FJ40 imegongwa kwenye chesisi yenyewe, sehemu ya mbele. Kama kutu imeila namba hiyo, au kama chesisi imeoza na unafikiria kuibadilisha, utambulisho wa gari mbele ya serikali umeingia shakani. Muuzaji asiye na istimara, yaani kadi ya usajili, anayesema "mambo yatakuwa sawa" anakuuzia vipuri kwa bei ya gari. Umiliki Saudia huhamishwa kupitia Absher, mfumo wa serikali wa mtandaoni, na bila istimara safi hakuna cha kuhamisha. Manispaa nazo huyaondoa mitaani magari mabovu yaliyotelekezwa, kwa hiyo gari linalosubiri mshahara wa mwezi ujao linahitaji mahali pa kukaa, ndani ya uzio wa mtu.

Kwa mfanyakazi mgeni hili ndilo linaloumiza zaidi. Mikataba mingi ya kazi huwa ya miaka 2. Kufufua gari kwa Ijumaa na mshahara wa kawaida huchukua muda mrefu kuliko huo, na mwajiri akibadilika au kazi ikiisha, gari linabaki likiwa vipande kwenye gereji ya mtu. Wapo pia wanaoota kulipeleka nyumbani. Magari ya Saudia usukani wake uko kushoto. Kenya hairuhusu kwa kawaida kusajili gari la usukani wa kushoto, na kanuni yake ya magari ya mitumba hukataa yaliyozidi umri wa miaka 8. Fedha hiyo ilikusudiwa ada za watoto au kiwanja, na inatia uchungu kuiona ikiishia kwenye pati. Kwa hiyo nasema bila kuficha: kama huna makazi ya uhakika na sehemu ya kuliweka, hata gari zima la Riyadh si lako kwa sasa.

Yapo magari ambayo hesabu hii haiyahusu. Februari 1945 Winston Churchill alikutana na Mfalme Abdulaziz wa Saudia kando ya Ziwa Qarun, Misri, akaona zawadi aliyokuja nayo ni duni mbele ya zile alizopewa, akaahidi kumletea gari bora kuliko yote. Likaja Rolls-Royce ya Phantom III, ambayo sasa imehifadhiwa Riyadh, kwenye kasri la Murabba. Gari kama hilo hata likiwa limeoza nusu, litatengenezwa, maana thamani yake iko kwenye tukio. Hali kadhalika gari alilohijia babu yako, au lililofanya kazi ya familia miaka 30. Tangu mnada mkubwa wa magari ya kale uliofanyika Janadriyah, nje kidogo ya Riyadh, Novemba 2019, wauzaji wengi huongea kana kwamba kila mkweche una hadithi ya namna hiyo. Ya kwako unaijua mwenyewe. Ya muuzaji usiilipie.

Yule kijana wa Tanga alirudi kwa mwenye gari na kusema ukweli wote aliouona. Walikubaliana bei ya vipuri. Mzee alimwonyesha cha kuchukua na kwa mpangilio gani: kwanza injini na giaboksi, pamoja na waya zake zilizo nzima, kisha ekseli zote mbili, usukani na boksi yake, rejeta, vioo vyote na fremu zake, saa za dashibodi, bawaba za milango, na kila boliti ndefu inayokubali kufunguka bila kukatwa, kwa kuwa boliti hizo ni ngumu kupatikana. Milango aiache. Tangi la mafuta aliache, ndani lilikuwa limeshaota kutu. Bodi na chesisi vikaenda kwa kilo kama chuma chakavu, na kipande cha chesisi chenye namba kikakabidhiwa kwa mwenye gari pamoja na istimara, ili aufute usajili kwa jina lake.